Sili zimebadilishwa mara mbili na oili ya gia bado inatoka nyeupe: maji yanaingia wapi?

Msomaji wa Kilwa Kivinje ameandika: "Nina boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Tunavua kwa jarife na kwa mshipi. Kwa miezi minne sasa oili ya gia inatoka nyeupe kama tui la nazi. Fundi amebadilisha sili za shafti ya propela mara mbili, na kila mara baada ya wiki mbili tatu weupe unarudi. Mashine inavuta vizuri na gia hazina mlio. Juzi nilipofungua plagi niliikuta ile ya silinda ya chini ina matone ya maji. Je, maji hayo yanapanda kutoka kwenye gia? Niendelee kwenda baharini au niiweke chini?"

Ndugu msomaji, nianze kwa kukuondolea hofu moja. Maji uliyoyaona kwenye plagi hayakupanda kutoka kwenye gia. Giaboksi ni chumba kilichofungwa peke yake chini kabisa ya mguu wa mashine, na kati yake na silinda kuna mguu mzima ambamo shafti ndefu hupita katika nafasi yenye maji ya kupozea na moshi wa ekzosi. Oili ya gia haina njia ya kufika juu, wala maji yaliyoingia ndani ya gia hayana njia ya kufika kwenye pistoni. Una matatizo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja, na ukiyachanganya utatumia fedha nyingi kutibu lisilokuwepo. Nitayachukua moja moja, nikianza na la gia kwa sababu ndilo lililokusumbua kwa muda mrefu zaidi.

Kwanza tuhakikishe kwamba weupe huo ni maji kweli. Oili iliyomwagwa mara tu baada ya mashine kutoka baharini inaweza kuwa na mapovu madogo madogo ya hewa yaliyopigwa na meno ya gia, ikaonekana imefifia hali ni nzima. Mwaga oili hiyo katika chupa ya plastiki inayoonesha ndani, iweke mahali pasipotikiswa, uiangalie asubuhi. Povu la hewa litakuwa limekwisha na oili imerudi rangi yake. Maji machache yatashuka chini ya chupa yakajitenga, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili. Lakini maji yakiwa mengi na yamepigwa kwa saa nyingi, mchanganyiko hubaki mweupe na mzito hata siku ya tatu. Kwa maelezo yako nadhani wewe uko kwenye hali hii ya mwisho, ila jaribu, kwani kiasi cha maji kinanisaidia kukisia ukubwa wa tundu. Vijiko viwili kwa mwezi ni sili (ile pete ya mpira inayobana shafti ili maji yasipite) iliyochoka, au washa ya skrubu ya oili. Nusu ya oili kugeuka tui ndani ya safari nne ni jambo kubwa zaidi, pengine ufa au sili iliyochanika.

Ukitaka kujua hali bila kumwaga oili yote, acha mashine isimame wima usiku kucha, kisha asubuhi legeza kidogo tu skrubu ya chini. Kama kuna maji yaliyojitenga, yatatangulia yenyewe kabla ya oili. Ukiitoa skrubu hiyo kabisa, iangalie vizuri, kwani kwenye mashine nyingi ncha yake ina sumaku. Ukungu wa kijivu kama unga wa pensi­li ni wa kawaida kwa gia zinazofanya kazi. Vipande vinavyochoma kidole, au vyenye umbo unaloweza kulitambua kuwa ni kona ya jino, hapo mashine haiendi popote mpaka ifunguliwe.

Sasa tuje kwenye sili. Umesema zimebadilishwa mara mbili na tatizo likarudi baada ya wiki mbili tatu. Kwangu hiyo ndiyo habari yenye thamani kuliko zote katika barua yako. Sili mpya iliyopachikwa vizuri juu ya shafti nzima hukaa misimu kadhaa. Ikifa ndani ya wiki tatu, kuna kitu kinachoiua, au haikuwa yenye kosa tangu mwanzo na maji yanapita mlango mwingine. Fundi wako amebadilisha sili kwa sababu sili ndiyo mshukiwa wa kila siku, na mara nyingi huwa kweli. Kosa lake ni kurudia dawa ile ile bila kupima. Kabla ya kununua sili ya tatu, giaboksi inapaswa kupimwa kwa hewa ili ioneshe yenyewe inapovuja.

Kipimo hicho hakihitaji karakana kubwa. Mwaga oili yote. Funga skrubu ya chini ikiwa na washa mpya. Katika tundu la skrubu ya juu, ile ya kuonesha kiwango cha oili, funga kipande chenye uzi wa skrubu unaolingana, chenye mpira wa hewa unaokwenda kwenye pampu ya baiskeli yenye saa ya presha. Mafundi wengi hukitengeneza kipande hicho kwa kutoboa skrubu ya zamani na kuitia valvu ya tairi. Jaza hewa kidogo kidogo. Anza na paundi 3 hadi 5 tu, kwa sababu kuna sili zinazovuja kwa presha ndogo na kujibana zenyewe presha ikipanda, na ukianza na presha kubwa utaambiwa kila kitu ni kizima. Ikishika hapo, panda taratibu mpaka kilopaskali 100, ambazo ni kama paundi 14, yaani nusu ya upepo wa tairi la gari dogo. Usizidishe. Presha kubwa kuliko hiyo hung'oa sili zilizokuwa nzima, na utakuwa umejitengenezea tatizo jipya kwa mkono wako.

Giaboksi ikiwa na hewa ndani, itumbukize kwenye pipa la maji, au ipake povu la sabuni kama huna pipa la kutosha. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: zungusha shafti ya propela kwa mkono, zungusha na shafti ndefu, sukuma fimbo ya kuingizia gia mbele na nyuma, na uvute shafti ya propela kwa kuipandisha na kuishusha kana kwamba propela imegonga kitu. Sili inaweza kushika shafti ikiwa imetulia na kuachia inapozunguka. Fuata mapovu. Yakitoka nyuma ya propela, tatizo ni sili za propela au oringi (pete nyembamba ya mpira) ya kile kifuniko kinachozibeba. Yakitoka juu, chini ya pampu ya maji, ni sili za shafti ndefu. Yakitoka kwenye fimbo ya gia, ni sili yake ndogo, ambayo bei yake ni ya chini na ambayo karibu hakuna anayeigusa. Yakitoka katikati ya chuma, pale ambapo hapana kiungo chochote, ni ufa.

Fundi makini hupima pia kwa kunyonya hewa badala ya kuisukuma, na sababu yake inafaa kueleweka. Sili ina mdomo, na mdomo unaotazama nje umewekwa hivyo ili maji yakiusukuma yaubane zaidi kwenye shafti. Hewa inayosukumwa kutoka ndani inaweza kuunyanyua mdomo huo na kutoa povu, hali kwa maji ya bahari ni mzima. Kwa hiyo povu la presha kubwa kwenye mdomo wa sili ulichukue kama shaka, na povu la presha ndogo ulichukue kama ushahidi.

Huenda unajiuliza maji yanaingiaje ilhali huoni oili ikitoka nje na kutanda juu ya bahari. Mguu wa mashine yako huwa nusu mita tu chini ya maji, na kina hicho kinasukuma kwa nguvu ndogo sana, kama kilopaskali 5. Kinachovuta maji hasa ni joto. Mashine ikifanya kazi, oili na ile hewa kidogo iliyomo ndani hupata moto na kutanuka. Ukiizima ukatia nanga, mguu unabaki ndani ya maji, vyote vinapoa na kunywea, na giaboksi inanyonya kupitia tundu lolote inalolipata, hata dogo kiasi cha kutopitisha oili nzito. Ndiyo maana wavuvi wa jarife, ambao huzima mashine na kulala juu ya nyavu usiku kucha, huona weupe upesi kuliko wenye boti za abiria zinazokimbia kutwa. Ukiweza kuunyanyua mguu kutoka majini mnapolala, unyanyue. Hutatibu tundu kwa njia hiyo, lakini utapunguza maji yanayoingia mpaka siku ya matengenezo.

Nirudi kwa sili zako mbili zilizokufa, kwa sababu nina dhana na ningependa uithibitishe kwa macho yako. Umesema mnavua kwa mshipi. Toa ile pini ya kukunja, fungua nati, vuta propela, kisha toa ile washa nene ya shaba iliyo nyuma yake. Angalia shafti pale inapoingia kwenye mwili wa mashine. Uzi wa nailoni ukinaswa na propela hujiviringisha nyuma kabisa, ukapata moto wa msuguano, ukayeyuka na kuwa pete ngumu inayojipenyeza chini ya mdomo wa sili. Kutoka nje huoni kitu. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kuitoa pete ya namna hiyo kwenye mashine iliyoletwa kwangu kwa malalamiko yanayofanana na yako. Ilikuwa ya kijani, unene wa kamba ya kiatu, na ilibidi niikate kwa ncha ya kisu vipande vitatu. Mwenye boti alikuwa amekwisha kulipia sili mara tatu, na hakuna hata mmoja wa waliozibadilisha aliyeichungulia shafti kwa kurunzi. Tangu hapo kila mvuvi wa mshipi anayekuja kwangu namwambia avue propela kila mwezi, na ikiwa amejua kwamba uzi umenaswa, siku hiyo hiyo.

Uzi ukiwa haupo, pitisha ukucha juu ya shafti mahali ambapo mdomo wa sili hukaa. Shafti nzima ni laini kama kioo cha saa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji mwembamba unaozunguka, umempata muuaji. Chumvi na mchanga vilivyokaa chini ya mdomo wa sili husaga chuma taratibu, na sili mpya ikipachikwa pale pale mdomo wake huangukia ndani ya mfereji ule ule. Itashika kwa siku chache kwa sababu mpira wake ni mpya, kisha itaachia. Hapa kuna njia tatu. Ya bei ndogo, ikiwa kikao cha sili kina nafasi, ni kuipachika sili milimita mbili hivi juu zaidi au chini zaidi ya ilipokuwa, ili mdomo ukanyage chuma kisicholika. Ya pili ni kuivisha shafti mkanda mwembamba wa chuma unaotengenezwa kwa kazi hiyo, ukiupata kwa kipimo sahihi. Ya tatu ni shafti mpya. Kujaza mfereji kwa gundi ya chuma na kusugua kwa msasa nimekuona kukifanyika, na sikushauri.

Lipo pia suala la shafti iliyopinda. Pwani yenu ina mafungu na miamba mingi, na maji yakikupwa siku za bamvua hata nahodha mzoefu hugonga. Ondoa plagi zote mbili, tia nyutro, funga kijiti kwenye mguu ili ncha yake ikaribie kuigusa shafti, kisha zungusha kwa mkono na utazame nafasi kati ya ncha na chuma. Nafasi hiyo ikifunguka na kujifunga, shafti inayumba, na hakuna sili itakayodumu juu yake. Vivyo hivyo ukiishika shafti na kuitikisa ikacheza upande kwa upande, beringi imekwisha, na beringi hubadilishwa kabla ya sili.

Hatimaye kuna mkono wa fundi mwenyewe. Sili hupachikwa kwa bomba au soketi yenye upana sawa na chuma chake cha nje, ikasukumwa wima na sawasawa. Wengi huigonga pembeni kwa bisibisi, sasa upande huu, sasa upande ule, ikaingia ikiwa imelala. Kisha kifuniko kinapita juu ya meno makali ya shafti na ule uzi wa nati, na mdomo wa mpira unakatika kabla mashine haijaiona bahari. Meno hayo yaviringishwe teepu laini, mdomo upakwe grisi isiyoyeyuka majini, na oringi ya kifuniko iwe mpya kila kinapofunguliwa. Mwambie fundi apige picha kwa simu kabla ya kutoa sili ya zamani, ili mwelekeo wa midomo uwe kama ulivyotoka kiwandani. Aangalie pia kikao cha sili na cha oringi. Maji ya chumvi hula alumini ikawa na vishimo na unga mweupe, na oringi mpya juu ya vishimo ni sawa na mlango mpya kwenye ukuta uliobomoka.

Nimeziacha mpaka sasa zile washa mbili ndogo za skrubu za oili, ingawa kwa hakika ndizo za kwanza kushughulikiwa, kwa sababu bei yake haifiki hata nauli ya kumwita fundi. Hubanwa mara moja tu. Ukizirudisha zikiwa zimekwisha kubanwa, hazijazi tena nafasi yake. Nimeona watu wakizungushia teepu ya mabomba, uzi wa nailoni, hata kipande cha mfuko wa plastiki. Nunua sita kwa pamoja uziweke kwenye boksi la vifaa.

Tuje kwenye silinda ya chini. Swali langu la kwanza kwako ni hili: mnaibebaje mashine mnapotoka pwani? Mara nyingi vijana huichukua begani, mguu ukiwa umeelekea juu au ukiwa sawa na kichwa, na wakifika nyumbani huilaza chini vivyo hivyo. Ndani ya mguu hubaki maji ya kupozea yasiyokwisha kutoka. Kichwa kikishuka chini ya mguu, maji hayo hutiririka kupitia ekzosi na kuingia moja kwa moja kwenye tundu la silinda. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kichwa cha mashine kiwe juu kuliko propela wakati wote, katika kubeba, kusafirisha na kuhifadhi. Iacheni isimame wima dakika kadhaa baada ya kutoka majini, ijichuje, ndipo ibebwe kichwa kikiwa juu. Njia nyingine inayofanana na hii ni wimbi la nyuma: boti iliyojaa samaki, tezi imelala chini, nahodha anapunguza mwendo ghafla, na wimbi lake mwenyewe linamfuata na kusukuma maji kwenye ekzosi.

Ili kuitenganisha njia hii na gasketi (kizibo chembamba kinachowekwa kati ya vyuma viwili) iliyoungua, tazama ni lini maji yanaonekana. Yakionekana tu asubuhi baada ya mashine kubebwa, na plagi ikakauka na kubaki kavu baada ya safari, basi ni ubebaji. Yakirudi kila baada ya kukimbiza mashine baharini, ni gasketi ya kichwa cha silinda au ya kifuniko cha ndani cha ekzosi. Mulika kwa kurunzi kupitia tundu la plagi. Pistoni inayochoma vizuri ina kichwa cheusi au cha kahawia, na pistoni inayopata maji kila siku huwa imeoshwa na mvuke ikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Tofauti hiyo kati ya silinda ya juu na ya chini inasema mengi kabla hujafungua bolti hata moja. Kisha pima mgandamizo wa silinda zote mbili mashine ikiwa na joto na kipini cha mafuta kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Namba zenyewe hazinishughulishi sana kwa mashine iliyotumika. Ninachotaka ni zikaribiane. Ya chini ikiwa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, fungua kichwa cha silinda. Chuma chake kiwekwe rula iliyonyooka, na nafasi ikizidi milimita 0.1 kisuguliwe juu ya kioo chenye msasa laini kwa mzunguko wa namba nane kabla ya gasketi mpya.

Usisahau pia kwamba maji yanaweza kuja pamoja na petroli, hasa msimu wa masika mnapomimina kutoka kwenye dumu juu ya boti. Fungua skrubu ya chini ya kabureta uikinge kwenye glasi. Maji yatajikusanya chini ya petroli kama shanga. Kuna kijaribio kidogo ninachokipenda: chukua tone la maji uliyoyapata kwenye plagi, liweke juu ya kipande cha kioo juani. Likikauka na kuacha chembe nyeupe, ni maji ya bahari, nayo yameingia kwa ekzosi au gasketi. Likiacha mafuta tu, yatafute kwenye dumu na tangi. Usilionje kwa ulimi, kwani lina petroli ndani yake.

Jambo la haraka ni kwamba maji ya chumvi hayalali ndani ya silinda. Beringi za krenkshafti za mashine hii zinalainishwa na oili ile iliyochanganywa kwenye petroli pekee, na usiku mmoja wa chumvi unatosha kuanza kutu. Ukikuta maji tena, usivute kamba plagi zikiwa zimefungwa, kwa kuwa maji hayagandamizwi na kitakachopinda ni fimbo ya pistoni. Toa plagi zote, gusisha vifuniko vya nyaya zake kwenye chuma cha mashine ili umeme usiharibu vifaa vya moto, elekeza matundu chini, vuta kamba mpaka pasiruke tone, tia oili kidogo ya kuchanganyia ndani ya kila silinda, kisha washa mashine kwenye pipa la maji baridi kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Fanya hivyo siku ile ile.

Na je, uende baharini? Kwa uvuvi wa karibu na ufukwe, siku chache mpaka fundi apatikane, unaweza, kwa masharti kwamba sumaku haina vipande na kwamba unamwaga oili na kutia mpya baada ya kila safari mbili tatu. Oili iliyochanganyika na maji hailindi meno ya gia, na madhara makubwa hutokea mashine ikiwa imelala, kwa sababu hapo ndipo beringi hupata kutu. Usiiache hata wiki moja ikiwa na tui ndani. Lakini kuvuka kwenda kisiwa cha Songosongo au mbali zaidi nisingekuruhusu kwa hali hiyo, na hasa wakati wa kusi, gia zikiwa hazina mlio au zinao. Beringi ya gia haitoi taarifa ndefu kabla ya kukwama.

Baada ya matengenezo, jaza oili ya gia ya hipoidi SAE 90 daraja la GL-4 kupitia tundu la chini, mashine ikiwa wima, mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Ukiimimina kutoka juu utafungia hewa ndani na utadhani imejaa. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe mpira wa kujazia ulio chini na kufunga skrubu ya chini upesi. Kwa kawaida oili hii hubadilishwa kila saa 100 za kazi au kila miezi sita, lakini wewe usingoje hivyo. Legeza skrubu ya chini asubuhi ya safari ya kwanza, kisha baada ya saa kumi, kisha baada ya mwezi. Likitangulia tone la maji hata mara moja, rudisha giaboksi kwenye pipa na pampu ya baiskeli kabla ya mtu yeyote kugusa sili.